Ritifaa ya Nyang'hwale: Historia ya Alama Ndogo katika Zana za Mtengeneza Tovuti

Kusini mwa Ziwa Viktoria, katika Mkoa wa Geita, iko wilaya iitwayo Nyang'hwale. Wilaya hiyo ilizaliwa pamoja na mkoa wake katika mwaka wa 2012, na jina lake limekuwa likiandikwa kwa namna nyingi: Nyang'hwale, Nyang'wale, Nyanghwale. Mwenye kulitafuta jina hilo katika kompyuta kwa tahajia moja aghalabu hazipati habari zilizoandikwa kwa tahajia nyingine, hata kama habari hizo zimo. Wenyeji wajua vema jina la kwao, wala wao si wa kulaumiwa. Chanzo cha mkanganyiko huo ni alama moja ndogo, iitwayo ritifaa katika vitabu vya sarufi, ambayo imepita mikononi mwa wamisionari, makarani, wapiga taipu na wahandisi wa mitambo, na kila mmoja ameiachia kovu lake.

Mara nyingi historia ya kompyuta katika Afrika ya Mashariki husimuliwa kama historia ya mitambo: ilifika lini, ilinunuliwa na nani, na nyaya zilipita wapi. Upo upande wa pili usiosimuliwa sana, nao ni historia ya herufi zenyewe. Kila chombo akitumiacho mtengeneza tovuti leo, tangu kibodi mpaka kivinjari, kilibuniwa na watu wenye lugha yao na majina yao, na chombo hicho hubeba ndani yake mawazo ya watu hao juu ya jina lilivyo. Mahali pazuri pa kuchunguzia jambo hilo ni nchi ya Wasukuma, tangu Shinyanga mpaka ukanda wa dhahabu wa Geita, kwa kuwa huko ritifaa imo ndani ya majina ya watu na ya mahali.

Yafaa kwanza kueleza sauti yenyewe. Katika Kiswahili sauti ya ng na sauti ya ng' ni mbili tofauti, na tofauti hiyo hugeuza maana. Ngoa ni tamaa au wivu. Ng'oa ni kutoa kitu kilichoota au kilichokita. Asemaye ng hutamka g mwishoni; asemaye ng' huipitisha sauti yote puani, na g haisikiki kabisa. Kisukuma kimekwenda mbali zaidi. Mbali na ng' iliyo ghuna, kinayo nyingine isiyo ghuna, ambayo hutoka kwa pumzi na huandikwa ng'h, kama katika neno ng'hana, yaani kweli. Tena, pale Kiswahili kinaposema mwana, Kisukuma husema ng'wana. Kwa hiyo jina Nyang'hwale lina ndani yake sauti ambayo Kiswahili hakina, na ritifaa ndiyo alama pekee imwonyayo msomaji asitamke g. Ikiondolewa, msomaji asiye mwenyeji atasoma sauti nyingine kabisa.

Wazee wa pwani walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hawakuwa na alama maalumu ya sauti hiyo. Herufi ghaini ilitumika kwa g, kwa gh, na mara nyingi kwa ng' pia, na msomaji aliamua kwa kuitegemea maana ya maneno yaliyo jirani. Herufi za Kirumi zilipoletwa na wamisionari, haja ya kutenganisha sauti ilidhihirika upesi, kwa sababu mgeni hana sikio la mwenyeji la kumwongoza. Askofu Edward Steere, ambaye kitabu chake cha sarufi kilitoka katika mwaka wa 1870, ni mmoja wa wale walioipa sauti hiyo ritifaa. Njia hiyo ilikuwa rahisi: kiwanda chochote cha chapa, hata kile kidogo cha misheni, kilikuwa na ritifaa tayari katika visanduku vyake vya herufi.

Palikuwako njia nyingine. Katika mwaka wa 1927 taasisi ya lugha na tamaduni za Kiafrika iliyokuwa London ilitoa mapendekezo ya kuandika lugha za Afrika kwa mtindo mmoja, na kwa sauti hii ilipendekeza herufi ŋ, iliyo kama n yenye mkia. Kiswahili hakikuifuata. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika ya Mashariki, iliyoanza kazi katika mwaka wa 1930 ili kusawazisha tahajia na kusimamia vitabu, iliacha ng' ikae kama ilivyozoeleka. Waganda walichagua vingine: katika mwaka wa 1947 waliithibitisha ŋ kuwa herufi ya Luganda. Yapo ya kusema kwa pande zote mbili. Herufi ŋ ni moja kwa sauti moja, na haina kazi nyingine yoyote. Hakuna atakayeidhania kuwa alama ya nukuu. Lakini mashine nyingi hazikuwa nayo, na hata leo Waganda wengi wapigao maneno kwenye simu huandika ng' wakati kitabu chao cha sarufi kinadai ŋ. Waswahili walichagua alama ambayo kila mashine inayo, na malipo ya uchaguzi huo ni kwamba kila mashine inayo kwa ajili ya kazi nyingine.

Kabla ya mashine, makarani nao walifanya kazi yao. Katika nchi ya Wasukuma jina lililoanza na Ng'wa- lilikuwa gumu kwa mgeni, na lilikuwa jepesi kugeuzwa Mwa-, kwa kuwa Kiswahili kilitoa mfano wa mwana. Hivyo mji ambao Wasukuma huuita Ng'wanza ukawa Mwanza katika ramani, na vijiji vingi vya Shinyanga vikaandikwa kwa Mwa-, ijapokuwa vinywani mwa wenyeji husikika vingine. Mfano mashuhuri ni wa Ng'wanamalundi, mganga aliyeishi mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye husimuliwa mpaka leo kuwa aliweza kukausha miti kwa kuinyoshea kidole. Jina lake maana yake ni mwana wa Malundi. Katika maandishi yeye ni Ng'wanamalundi, tena Ngwanamalundi, tena Mwanamalundi. Mwanafunzi akitafuta habari zake kwa tahajia moja atapata theluthi ya habari hizo, na huenda asijue kwamba mbili zimebaki.

Nyang'hwale iliponyoka katika ugeuzaji huo kwa sababu sauti yake ngumu haikuwa mwanzoni bali katikati ya neno, mahali ambapo hapakuwa na mfano wa Kiswahili wa kuigiza. Ritifaa ikabaki. Lakini kubaki kwake ndiko kulikoipeleka mbele ya mashine.

Mashine ya kwanza ilikuwa taipureta. Waliounda taipureta walibana nafasi, kwa kuwa kila kibonye kilikuwa ni chuma, uzito na gharama. Mpiga chapa wa vitabu alikuwa na alama moja ya kufungua nukuu, nyingine ya kuifunga, na ya kufunga ndiyo iliyotumika pia kama ritifaa. Taipureta iliziunganisha zote katika alama moja iliyosimama wima, isiyoelekea kushoto wala kulia. Alama hiyo ikawa ni nukuu, ni ritifaa, ni futi, ni dakika, na katika ofisi za Tanganyika ikawa pia sehemu ya ng'ombe. Kwa karatasi haikudhuru kitu. Jicho la msomaji laweza kujua kwamba alama iliyo katikati ya ng'ombe haifungi nukuu yoyote.

Mashine haina jicho la namna hiyo. Katika mwaka wa 1963 Wamarekani walitoa kanuni ya kuzipa herufi namba ili mitambo ipelekeane habari. Kanuni hiyo ni ASCII, nayo ina nafasi 128 tu. Alama ya taipureta ilipewa namba 39. Ilikuwa bahati kwa Kiswahili kwamba lugha yote yaweza kuandikwa ndani ya nafasi hizo 128, bila herufi yenye nukta juu wala mkia chini. Lugha nyingi za Ulaya hazikuwa na bahati hiyo. Lakini bahati hiyo ilikuwa na deni ndani yake. Namba 39 haikuwa herufi. Ilihesabiwa kuwa alama ya uandishi, jamaa ya mkato na nukta, na kila programu iliyoandikwa baadaye iliihesabu hivyo hivyo.

Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza katika mwaka wa 1965, ilipofungwa katika Wizara ya Fedha. Baada ya miaka michache ya matumaini na hasara, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta katika mwaka wa 1974. Mwaka huohuo, katika maabara ya kampuni ya IBM huko Marekani, Donald Chamberlin na Raymond Boyce walichapisha maelezo ya lugha ya kuuliza na kuamuru hifadhidata, ambayo baadaye iliitwa SQL. Mambo hayo mawili hayakuhusiana hata kidogo. Lakini mwenye kuyatazama kwa nyuma huona kwamba wakati nchi ilipofunga mlango, nje ya mlango huo ilikuwa ikitengenezwa lugha ambayo ingekuja kuyasumbua majina ya watu wake.

Usumbufu wenyewe ni mwepesi kueleza. Katika SQL jina la mtu huwekwa kati ya ritifaa mbili, moja ya kufungua na moja ya kufunga, ili mashine ijue jina linaanzia wapi na linaishia wapi. Jina la Masanja likiandikwa 'Masanja' hapana tatizo. Lakini jina la Ng'wandu likiandikwa 'Ng'wandu' mashine husoma Ng, huona ritifaa, hudhani jina limekwisha, kisha hukuta wandu likiwa nje ya uzio kama mbuzi aliyetoroka zizini. Haijui neno hilo ni amri gani. Husimama na kutoa kosa, na mtu aliyejaza fomu huambiwa ajaribu tena baadaye. Atajaribu tena, na kosa litarudi, kwa kuwa kosa liko ndani ya jina lake.

Mtandao wa intaneti ulipofika Tanzania katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, tovuti nyingi ndogo zilijengwa kwa lugha ya PHP, iliyoanzishwa na Rasmus Lerdorf katika mwaka wa 1995. Waliojua hatari ya ritifaa walibuni kinga: PHP iliweka mkwaju wa nyuma mbele ya kila ritifaa iliyotoka katika fomu, ili SQL isiitambue kuwa mwisho wa jina. Kinga hiyo ilifanya kazi nusu nusu. Mara nyingi mkwaju uliingia pamoja na jina katika hifadhidata na kutoka nalo tena, na msomaji wa tovuti akakutana na Ng\'wandu, na kama fomu ilihaririwa mara ya pili, Ng\\\'wandu. Njia hiyo ililaumiwa rasmi katika mwaka wa 2009 na ikaondolewa kabisa katika toleo la Machi 2012, mwaka uleule Nyang'hwale ilipokuwa wilaya. Lakini mashina ya miti iliyokatwa hubaki ardhini, na mikwaju ya zama hizo bado huonekana katika kurasa za kale.

Katika mwaka wa 1998 jarida moja la wajuzi wa mitambo lilieleza hadharani jinsi mwizi awezavyo kuitumia ritifaa hiyohiyo kwa makusudi: hujaza katika fomu jina linalofunga uzio mapema, kisha huongeza amri yake mwenyewe, na hifadhidata humtii. Tangu hapo ritifaa ilianza kuogopwa. Watengenezaji wengi wa tovuti, badala ya kurekebisha njia ya kuongea na hifadhidata, walichukua njia ya mkato: wakaikataza alama yenyewe. Fomu ikaandikwa kwamba jina liwe na herufi tu, na kwa mashine ile ritifaa si herufi. Katazo hilo lilimgusa Mwairishi aitwaye O'Brien, Mkikuyu aitwaye Ng'ang'a, na Msukuma aitwaye Ng'wandu. Aliyekusudiwa ni mwizi. Walioachwa nje ya mlango ni wenye majina.

Na dawa ya kweli ilikuwako. Ni kumtenga mwenye jina na amri: amri hupelekwa kwanza peke yake, ikiwa na nafasi tupu, kisha jina hupelekwa nyuma yake kama mzigo tu, usiosomwa kuwa amri hata kidogo. Zana zote za leo zina njia hiyo. Aifuataye aweza kupokea jina lolote duniani bila hofu. Kwa hiyo fomu ya leo ikatazayo ritifaa haimlindi mtu. Yaonyesha tu kwamba aliyeitengeneza hakuwa na hakika na kazi yake.

Msomaji aweza kuuliza kama jambo hili lina uzito wowote nje ya chumba cha mafundi. Katika ukanda wa dhahabu uzito wake ni mkubwa. Tangu zama za mgodi wa kale wa Geita, uliofungwa katika mwaka wa 1966, mpaka migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu iliyofunguliwa mwanzoni mwa karne hii, na pamoja nayo maelfu ya wachimbaji wadogo, dhahabu imekuwa ikitembea pamoja na karatasi. Leo karatasi hizo zimegeuka kuwa rekodi. Mchimbaji hana budi kuwa na kitambulisho cha taifa. Laini yake ya simu imefungwa na kitambulisho hicho. Fedha zake hupita katika simu. Leseni yake ina jina. Na tangu soko la dhahabu lilipofunguliwa Geita mnamo Machi 2019, mauzo yake pia huandikwa. Na achukuliwe kwa mfano mtu ambaye kitambulisho chake chasema Ng'wandu, leseni yake yasema Ngwandu kwa sababu fomu ilikataa ritifaa, na cheti chake cha shule chasema Mwandu kwa sababu mwalimu alimgeuza kwa Kiswahili. Mbele ya binadamu huyo ni mtu mmoja. Mbele ya mashine inayolinganisha herufi kwa herufi, hao ni watu watatu, na hakuna hata mmoja kati yao aliye na karatasi kamili.

Baada ya taabu ya alama moja ilikuja taabu ya alama tatu. Programu za kuandikia barua, kwa kupenda uzuri wa vitabu vya zamani, zilianza kuigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, kimyakimya, wakati mtu anapoandika. Orodha ya Unicode, iliyoanza kutolewa katika mwaka wa 1991 ili kuzipa namba herufi zote za dunia, ilizipa nafasi zote: iliyonyooka ilibaki na namba 39, iliyopinda ikapata 8217, na ikawekwa ya tatu, namba 700, iliyokusudiwa hasa kwa lugha ambazo kwazo alama hii ni sehemu ya herufi. Kwa nadharia hiyo ya tatu ndiyo ingefaa ng'. Kwa vitendo haimo katika kibodi za kawaida, na karibu hakuna aiandikaye. Zilizobaki ni mbili, nazo kwa macho hufanana kama pacha. Karani wa halmashauri huandika taarifa katika programu ya ofisi, ambako ritifaa hupinda. Mtengeneza tovuti huandika msimbo katika mhariri wake, ambako ritifaa hunyooka. Taarifa ikibandikwa katika tovuti, jina la wilaya moja huwa na tahajia mbili katika ukurasa mmoja, na programu ya kutafuta ilinganishayo namba kwa namba huzihesabu kuwa maneno mawili.

Alama iliyopinda ina mkosi mwingine. Katika njia ya UTF-8, iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike katika mwaka wa 1992 na inayotumika sasa karibu katika mtandao wote, alama hiyo huchukua baiti tatu. Kivinjari kisipoambiwa kwamba ukurasa umeandikwa kwa UTF-8, na kikazisoma baiti hizo kwa kanuni ya zamani ya Windows, kila baiti huwa herufi yake, na jina hutokea hivi: Nyangâ€™hwale. Watu wengi wamekutana na vinyago vya namna hiyo na kudhani kwamba kompyuta ina kirusi. Ugonjwa wenyewe ni wa kutoelewana tu, kama watu wawili wasomao barua moja, mmoja kwa herufi za Kiarabu na mwingine kwa za Kirumi.

Hapa ndipo kivinjari kinapokuwa chombo cha uchunguzi. Jina lake la Kiswahili lina ukweli ndani yake, kwa kuwa kuvinjari ni kuzungukazunguka kwa kuchunguza, kama wafanyavyo watu wa doria. Mwanzoni vivinjari vilimwonyesha mtengeneza tovuti matini ya ukurasa tu. Katika mwaka wa 2006 Joe Hewitt alitoa Firebug, nyongeza ya Firefox iliyomwezesha mtu kuufungua ukurasa ulio hai na kuona kila kiungo chake, na tangu hapo vivinjari vyote vikubwa vimekuwa na zana za namna hiyo ndani yake. Mtengeneza tovuti ashukuye jina fulani hufungua zana hizo, hubandika jina katika uwanja wa amri, na kuuliza namba ya alama ile. Likija jibu la 39, au 8217, au 700, amejua jina lilitoka wapi. Namba 8217 yamwambia kwamba maneno yalipitia katika programu ya ofisi. Akikuta ' imeandikwa wazi mbele ya msomaji, ajua kwamba mlinzi aliyepaswa kulivika jina nguo mara moja amelivika mara mbili. Kwa njia hii fundi husoma makovu ya jina kama mwanahistoria asomavyo mihuri ya nyaraka, na kujua limepita kwa nani.

Jambo jingine ambalo fundi hulivumbua, na ambalo mara nyingi humgharimu fedha kabla hajalijua, ni la ujumbe mfupi wa simu. Kanuni ya zamani ya simu za GSM ina orodha yake fupi ya herufi, na ndani yake ritifaa iliyonyooka imo, lakini iliyopinda haimo, wala ŋ haimo. Ujumbe ulioandikwa kwa orodha hiyo huweza kufika herufi 160. Ikiingia alama moja tu isiyomo, ujumbe wote hulazimika kugeuzwa kwa kanuni nyingine, na nafasi hupungua mpaka herufi 70. Kwa hiyo tangazo moja la bei ya pamba au la chanjo ya ng'ombe, lililotungwa katika programu ya ofisi na kupelekwa kwa wakulima wa Shinyanga, laweza kukatwa vipande viwili au vitatu kwa ajili ya ritifaa moja iliyopinda, na mpelekaji hulipa kwa kila kipande. Neno ng'ombe kwa ritifaa iliyonyooka halimgharimu kitu zaidi.

Zipo taabu nyingine ambazo yatosha kuzitaja. Programu nyingi za kupanga orodha, zikifuata namba za herufi, huweka Ng'wandu kabla ya Ngassa, kwa kuwa 39 ni ndogo kuliko namba ya a, na karani atafutaye chini ya orodha hatamwona. Njia za kawaida za kugawa maneno katika msimbo hukata ng'ombe kuwa ng na ombe. Anwani za tovuti hazikubali ritifaa kabisa, kwa kuwa zina ruhusa ya herufi, tarakimu na kistari tu. Basi wilaya ya Nyang'hwale haiwezi kuwa na anwani yenye jina lake kamili. Kwa upande mwingine palikuwa na juhudi za kuifundisha mitambo Kiswahili. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa wataalamu kutoka Sweden, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili katika mwaka wa 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Kazi ya namna hiyo huonyesha kwamba mashine hufundishika. Mhakiki wa tahajia akiambiwa tu kwamba katika lugha hii ritifaa ni sehemu ya neno, huacha kukata ng'ombe vipande viwili.

Je, ilikuwa makosa kuikataa ŋ? Wako wawezao kusema hivyo, na hoja yao si dhaifu: herufi ile isingefunga uzio wa SQL, isingepinda, wala isingekatazwa na fomu. Lakini mfano wa Luganda wajibu sehemu ya hoja hiyo, kwa kuwa herufi isiyomo katika kibodi huachwa na watu wenyewe. Tena tahajia ya lugha ni mali ya wote waliojifunza kusoma kwayo, na haibadilishwi kwa kuwa mashine imeudhika. Lililo haki ni kwamba chombo kifuate lugha. Mtengeneza tovuti anayo njia ya kufanya hivyo bila gharama kubwa: apokee ritifaa za namna zote tatu katika fomu; ahifadhi moja tu, iliyonyooka, kila mara; aipeleke kwa hifadhidata kama mzigo na si kama amri; na programu yake ya kutafuta iwe tayari kulikubali jina lenye alama na lisilo na alama. Mtafiti naye ana wajibu wake. Anayechunguza historia ya Usukuma katika maktaba za leo hana budi kulitafuta kila jina kwa tahajia zake zote, kwa Ng'wa-, kwa Ngwa- na kwa Mwa-, la sivyo atahesabu ukimya wa mashine kuwa ukimya wa historia.

Wakati mmoja mapema katika miaka ya 2000, Waziri wa Sayansi, Teknolojia na Elimu ya Juu wa Tanzania alikuwa Dkt. Pius Ng'wandu, mzaliwa wa Usukuma. Mtu mwenye dhamana ya sayansi ya nchi nzima alikuwa na jina ambalo fomu nyingi za tovuti za zama hizo zisingelikubali. Jambo hilo lapasa kuwakumbusha wanafunzi wanaojifunza ufundi huu leo kwamba aliyekataliwa na fomu yao huenda hakukosea kitu. Wahenga walisema kwamba jina jema hung'ara gizani. Na hata methali hiyo yenyewe haiandikiki bila ritifaa.